Tupeane uzoefu: mliowahi kuelimisha watu wakati wa mlipuko, swali gani la mwananchi lilikuacha mdomo wazi?

Wakuu salama. Naanza mimi mwenye uzi.

Machi 2023 nilikuwa Bukoba vijijini, ile wiki bado unaitwa "ugonjwa usiojulikana" na watu washaanza kuzikwa, tarehe 21 ndo wizara ikatangaza ni Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola. Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tukapigwa semina fasta, fulana, vipeperushi, haya ingieni nyumba kwa nyumba. Ujumbe wenyewe mwepesi kuusema: msishikane mikono, mgonjwa mwenye homa anayetapika asiguswe hovyo, maiti isioshwe na familia, aliyekaa karibu na mgonjwa afuatiliwe siku 21. Nikawa nauimba kama kasuku.

Sasa nyumba ya tatu nikamkuta mzee mmoja. Kwetu mgeni ukishakaa unaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, unachota punje mbili tatu kwa vidole, kinapita kwa mwingine naye anachota. Mzee kanisogezea kikapu, mimi nikasita, mkono uko hewani hauendi haurudi. Akaniangalia weee, akasema "mwanangu, ukiikataa kahawa yangu, hayo maneno yako mimi nayapokeaje?"

Aisee. Semina haikuwa na hiyo. Aliyeniokoa ni mke wake, alinyanyuka kimya kimya akaingia ndani akarudi na kijiko cha chai, akachota kahawa akanimwagia kiganjani bila kunigusa, akamgeukia mumewe naye akammwagia vilevile. Kuanzia hapo kila nyumba niliyoingia nilikuwa nasema bibi wa nyumba ile pale anatumia kijiko, na watu walielewa haraka kuliko kipeperushi chochote. Mlipuko ulitangazwa umeisha tarehe 2 Juni, wagonjwa 9, waliofariki 6. Haya, zamu yenu.

Mtoto wa Manzese:
Mimi kipindupindu Dar, 2015, kilianza Agosti upande wa Kinondoni kikasambaa mji mzima mpaka mikoani. Mnakumbuka mwaka ule Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba akasema watu washike fagio, na kipindupindu kilikuwa sababu mojawapo. Nilikuwa najitolea, kazi yangu ni mama ntilie. Namwambia mama nawa kwa maji tiririka na sabuni, maji ya kunywa chemsha au tia kidonge kimoja kwa dumu la lita 20, wali usikae wazi, kachumbari achana nayo kwa sasa. Mama ananisikiliza huku anaosha sahani, beseni moja, maji yameshakuwa rangi ya mchuzi. Nikamwambia mama na hayo maji ya sahani ubadilishe.

Akasimama. Akafuta mikono kwenye kanga. "Baba, dumu natoa mia tano, kwa siku natumia madumu manne, sahani ya ubwabwa nauza buku. Haya piga hesabu hapo nibadilishe mara ngapi, na ukimaliza unionyeshe bomba liko wapi."

Nilipiga hesabu kweli, simu mkononi. Haikutoka. Mpaka leo nikiulizwa sina jibu, maana yule mama alikuwa anajua kunawa kuliko mimi, alichokosa ni maji. Nilimwachia vidonge vyote nilivyokuwa navyo nikaondoka na aibu yangu.

Nesi Mstaafu:
@Mtoto wa Manzese umenikumbusha kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanauliza kama ni kweli dripu ndo inaua. Kwa nini? Kwa sababu wengi walikuwa wanaletwa wamechelewa, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, anawekewa dripu anafia hapohapo, kwa hiyo walichokiona wao ni mtu kawekewa maji kafa. Hukuwa na haja ya kubishana nao. Nilikuwa nawafundisha pale pale getini, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mwanzishie nyumbani akianza tu kuharisha choo kama maji ya mchele, umnyweshe mpaka njiani. Wakianza kufika wanaongea, dripu ikaacha kuua.

Biharamulo Finest:
Mimi yangu fupi. Januari 2025, Marburg imerudi Kagera safari hii kwetu Biharamulo. Kipeperushi kina picha ya kirusi kimekuzwa, kirefu kimejikunja kama mnyoo. Bibi kakishika kakigeuza juu chini, "mjukuu wangu, huyu nyoka anakaa kwenye matope au kwenye nyasi?" Nikarudisha vyote ofisini 😂

Mutoto ya Beni:
Mimi niko wa Beni, mtanisamehe Kiswahili yetu ya Kongo. Ebola walitangaza tarehe 1 mwezi wa 8 2018, ikaisha mwezi wa 6 2020, watu 2,287 wakakufa. Nilikuwa mu timu ya kuhamasisha batu. Mama moja kwenye soko akaniuliza: "Tangu 2014 waasi banatuchinja na mapanga, tunalia, nani alikuya? Leo juu ya homa munaleta magari mingi hivi. Munapenda sisi ama munapenda ile Ebola?"

Utajibu nini hapo? Na mwezi wa 12 wakasema Beni na Butembo hatutapiga kura juu ya Ebola. Hapo njo ikaharibika kabisa, batu wakasema munaona, ni siasa, ni biashara. Timu zilikuwa zinapigwa mawe. Sisi tuliacha megafoni, tukaanza kukaa tu na batu, wale waliopona njo wakawa wanaongea kuliko sisi.

Mwenye uzi:
@Mutoto ya Beni pole sana ndugu. Na zile habari kwamba ukiingia kituo cha matibabu ya Ebola unakatwa viungo, mlizizimaje?

Mutoto ya Beni:
Kwa maneno hatukuweza. Kukakuja vyumba vya plastiki, mugonjwa analala ndani, familia iko inje lakini wanaonana. Kulikuwa mama moja kila asubuhi anakuya na kiti yake, anakaa pembeni ya ile plastiki, anamugombeza bwana yake juu hakumaliza uji.