Nafasi za uzamivu na za baada ya uzamivu katika sayansi ya tando: nianzie wapi?

Mkemia wa Mbarara
Salaam, ndugu zangu. Nina shahada ya uzamili ya kemia na ninafanya kazi katika maabara ya maji. Nataka kufanya uzamivu kuhusu tando za kuchujia maji, hasa namna zinavyozibwa na mwani, kwa sababu maji ya Kampala yanayochotwa Gaba, kwenye Ghuba ya Murchison, yana mwani mwingi. Je, dada kama mimi atafute kwanza ufadhili au msimamizi? Mwenzangu wa maabara, ambaye tayari ana uzamivu, naye anauliza kuhusu utafiti wa baada ya uzamivu.

Mtafiti, Enschede
Dada, msimamizi kwanza. Hapa Uholanzi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Twente, mtafiti wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa kwa mkataba wa miaka 4 wenye mshahara, kwa hiyo nafasi hutangazwa kama kazi, na anayetazama matangazo ya ufadhili peke yake haioni. Soma makala za kundi unalolitaka, kisha andika barua fupi yenye swali la kisayansi. Kwa mfano, utando wa ultrafiltresheni, ambao vinyweleo vyake ni vya takribani nanomita 2 hadi 100, huzuia seli za mwani, lakini maikrosistini, sumu inayotolewa na baadhi ya mwani, ikiwa imekwisha kuyeyuka majini hupenya kwa sehemu kubwa. Je, tabaka la mwani linalojijenga juu ya utando huipunguza sumu hiyo, au seli zilizobanwa hapo hupasuka na kuiongeza? Barua ya namna hiyo husomwa hadi mwisho.

Mhadhiri, Kampala
Naunga mkono, ila si lazima kuvuka bahari. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, na tatizo la floridi la Bonde la Ufa liko mlangoni pake: Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko huvuka kiwango hicho. Watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, wamejaribu Tanzania mtambo wa nanofiltresheni (uchujaji kwa tando zenye vinyweleo vidogo zaidi ya vya ultrafiltresheni) unaoendeshwa kwa umeme wa jua ili kuiondoa, jambo linaloonyesha kwamba uhusiano na maabara za Ulaya unaweza kuanzia hapahapa Afrika Mashariki. Tena dada, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hufadhili wanawake wanaosomea uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea. Liangalie kwa makini, maana wengi wetu hulisahau.

Mtafiti, Enschede
Kwa mwenzako: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watafiti wa mataifa yote, mradi mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Maombi huandaliwa pamoja na msimamizi wa taasisi mwenyeji, kwa hiyo aanze kuzungumza naye miezi kadhaa kabla, na katika barua ya kwanza aeleze vipimo anavyovimudu kwa mikono yake mwenyewe.