Tupeane uzoefu: mnaojenga vigari vya mfano vya magari ya zamani, wapi pamekukazeni?

Mkaazi wa Kikwajuni
Assalam alaykum. Uzi huu ni wa wanaojenga vigari vya mfano vya magari ya zamani, iwe kwa seti za plastiki za kuagiza au kwa bati na mbao zetu. Nasema vile ambavyo ukifungua boneti unakuta injini. Eleza gari gani, na wapi palikaza.

Naanza mie. Nnajenga Peugeot 404, kipimo cha 1/24, yaani kila inchi 24 za gari halisi ni inchi 1 kwenye kigari. Mgogoro ni rangi. Masika hapa Unguja rangi ya kupuliza hutoka na ukungu mweupe: thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ikiruka haraka inaupoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewani unatua juu yake kabla rangi haijakauka. Siku hizi napuliza wakati wa kipupwe tu, jua likishapanda. Ukungu ukitokea msikimbilie msasa. Puliza thina tupu inayoruka polepole, kidogo sana, rangi ilainike na unyevu upate pa kutokea.

Bati la Wete
Waalaykum salaam. Mie seti sina, nnajenga Land Rover ya 1948 kwa makopo ya soda. Gari lenyewe ndivyo lilivyotengenezwa: baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, wakatumia aluminiamu, na bodi wakaifanya bapa ili ikunjwe bila mashine kubwa. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni inchi 80, kwa hivyo kwa kipimo cha 1/10 ni inchi 8. Rula ya skuli inatosha.

Kazi ipo kwenye kulinyoosha kopo. Ukilikata linabaki na mviringo wake, ukilipiga nyundo linafanya mabonde. Lilaze juu ya kioo, ulisugue kwa mgongo wa kijiko kutoka kati kwenda ukingoni, taratibu, mpaka lilale lenyewe. Kisha likunje juu ya ubao wa mninga wenye ukingo mkali. Ubao laini unabonyea, na mkunjo wa Land Rover ukiwa mviringo gari zima limeharibika sura. Halafu jueni kwamba lehemu ya kawaida haishiki aluminiamu. Chasisi naifanya kwa bati la kopo la maziwa, hilo linashika vizuri.

Binti Morris
Babu yangu Chake alikuwa na Morris Minor, ile ya kioo cha mbele vipande viwili, kabla ya mwaka 1956. Ndiyo nnayoijenga, kwa mbao. Wengi wanaikosea boneti. Issigonis aliyeibuni aliona gari ni jembamba, akalipasua katikati kwa urefu na kuliongeza inchi 4. Nyongeza hiyo inaonekana mpaka leo: ukanda bapa unaopita katikati ya boneti. Kwenye 1/24 ni milimita 4 na ushei, na ukiuacha, mtu aliyelipanda gari lile atakwambia silo, hata kama hajui kwa nini. Nnauchonga kwa wembe baada ya boneti yote kulainishwa kwa msasa, kamwe si kabla.

Mpwa wa Malindi
Yangu ni Alfa Romeo 8C 2300, seti ya kampuni ya Pocher, kipimo cha 1/8, aliniachia mjomba. Gari halisi lilishinda Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, mfululizo kuanzia 1931 hadi 1934. Seti ina vipande zaidi ya elfu, na njiti za magurudumu unazisuka mwenyewe. Maelezo hayakunisaidia, aliyenisaidia ni fundi baiskeli wa Mwanakwerekwe. Alinigongea msumari katikati ya ubao, akaizungushia rimu vigingi isicheze, akaniambia njiti yoyote isivutwe mpaka zote zimeshakaa. Gurudumu la kwanza linazunguka bila kuyumba. Sijapata kufurahi hivi kwa kitu kidogo.

Bati la Wete
Mashaallah, tuwekee picha. Suali: vioo mnabandika na nini? Supagluu imenitilia utando mweupe.

Mkaazi wa Kikwajuni
Huo ni mvuke wake, huganda juu ya plastiki angavu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani, na ikitoka nje ya mstari unaifuta kwa kitambaa kibichi. Binti Morris, kile kioo cha vipande viwili unakikataje bila kupasuka?