Baiskeli za umeme na zetu za kukanyaga kwenye njia moja Kampala, nani ampishe nani?

Pedali_Nakulabye

Habari zenu wadau. Mimi nashuka mjini na baiskeli kila siku kutoka Nakulabye, huu mwaka wa sita, na ile njia ya baiskeli waliyotutengenezea Namirembe Road mpaka Luwum Street niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa kubanana tu na taksi zinazotoka Old Taxi Park, kondakta anakupigia bati utoke kama vile wewe ni mbuzi.

Sasa Jumanne jioni niko kwenye njia hio hio naenda zangu pole pole, mbele yangu mama ana beseni la ndizi kichwani, nikasogea kulia nimpite. Sikuangalia nyuma, hilo nakubali. Mara puu! kijana wa kupeleka chakula, baiskeli ya umeme ile ya matairi manene, alikuwa anapita hapo hapo kulia, handeli yake ikashika yangu tukaenda chini wote wawili. Sikusikia chochote, yaani piki ya kawaida ungeisikia toka mbali ujipange lakini hii kitu inakuja kama paka. Yeye kachubuka kiwiko, mimi goti, rimu ya mbele imepinda, chipsi za mteja zimeishia mtaroni. Halafu tukaanza kugombana kila mtu anasema njia ni yake.

Na siku hizi naona hata zile skuta za kusimama zimeanza kuingia. Nauliza, hawa wa umeme wakae na sisi kweli au watoke waende kwenye lami? Na wanaoziendesha, mnatuonaje sisi wa miguu ya jasho?

Delivari_Usiku

Ssebo pole kwa goti. Si mimi niliyekugonga ila ndo kazi yangu hio hio, kwa hio acha nikujibu. Unataka niende wapi? Huko kwenye lami taksi inasimama popote abiria alipoinua mkono, boda anakuja upande usio wake, lori la mchanga linakupulizia moshi usoni. Baiskeli yangu mwisho kilomita 25 kwa saa, na nikiwa na mzigo napanda kilima cha Namirembe inashuka mpaka 15 hivi, pale katikati ya magari mimi ni nzi tu. Wewe mwenyewe ulikimbilia kwenye ile njia kwa sababu hio hio, sasa unataka kufunga mlango nyuma yako?

Lakini kuna jambo. Sisi tunalipwa kwa safari, chakula kikipoa mteja anakulaumu wewe sio foleni. Ndo maana vijana wanakimbia pale penye watu. Sisemi ni sawa, nakwambia tu inavyokuwa. Huyo kijana alitakiwa apige kengele kabla hajakupita, kama anayo.

Fundi_Ndeeba

Hizi vitu ndo natengeneza kila siku, tusizichanganye. Kuna baiskeli ya umeme inayokusaidia ukikanyaga. Kuna ya kunyonga mkono inaenda bila kukanyaga. Kuna skuta ya kusimama. Halafu kuna boda ya umeme ambayo ni piki kamili, hata ikiwa kimya namna gani haina kazi kwenye njia ya baiskeli. Watu wanaona betri wanadhani zote ni ukoo mmoja.

Shida inayokuja mezani kwangu ni limita, ile ya kuzuia mwendo. Kontrola nyingi, kile kiboksi kinachoongoza mota, zinazotoka China zina kawaya kadogo ka limita, kakiwa kameunganishwa baiskeli inaishia 25 hivi, ukikachomoa inaenda 35 mpaka 40 kutegemea mota na betri. Vijana wanakuja, fundi nifungulie. Zamani nilikuwa nafungua, nakiri mbele yenu, siku hizi nakataa juu breki zake ni zile zile za waya na fremu ni ile ile. Mtu akitoka 20 akafika 40 anadhani hatari imekuwa mara mbili. Hapana. Nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, na umbali wa kusimama toka ushike breki nao mara nne. Hata kwa 25 tu unakula karibu mita 7 kila sekunde, ukishtuka sekunde moja kabla vidole havijafika kwenye breki, yule mama wa ndizi umeshamfikia.

Skuta ya kusimama mimi naiogopa zaidi. Tairi inchi 8 au 10 wakati baiskeli ni 26 au 28. Shimo ambalo baiskeli inalimeza ikakutikisa mgongo tu, kwa skuta shimo linashika gurudumu na wewe unaendelea na safari peke yako. Ukitoa mkono mmoja uonyeshe unakata kona inayumba. Na mji wetu huu wenye mifuniko ya mitaro iliyoibiwa, haya.

Mganda_Amsterdam

Niko Uholanzi na msidhani huku hili jambo halikuwasumbua. Kulikuwa na vipikipiki vyepesi vya namba ya bluu, sheria inasema mwisho 25, viliruhusiwa kwenye njia za baiskeli na bila helmeti. Vilikuwa havikai kwenye 25 hata siku moja. Watu wamelalamika weee, mpaka Aprili 2019 Amsterdam ikaviondoa, ndani ya ile barabara kubwa inayozunguka mji vikapelekwa kwenye lami na helmeti juu.

Baiskeli ya umeme huku Ulaya, kama ni ya kukanyaga, mota wati 250 na msaada unakata ikifika 25, hio ni baiskeli kama ya babu yako, inapita popote baiskeli inapopita. Zile zinazosaidia mpaka 45 zinahesabiwa kama piki ndogo. Ujerumani nako skuta ya kusimama mwisho 20, lazima iwe na bima na kibandiko chake nyuma, breki mbili, taa, kengele, na ukipanda nayo pale pa waenda kwa miguu unapigwa faini. Paris walipiga kura 2023 wakafukuza skuta za kukodisha, za watu binafsi zikabaki. Yaani ukiacha Paris, wote hao wanapima mwendo, hakuna anayeuliza betri.

MamaSoksi_Kisenyi

Uholanzi Uholanzi. Huku njia yenyewe ina meza ya mobail mani, ina mkokoteni, ina mimi na soksi zangu. Mnajadili nani ampishe nani kati yenu mwenye magurudumu, hakuna hata mmoja kauliza yule mama wa ndizi alifika salama?

Pedali_Nakulabye

Alifika nyabo, hakuguswa, alisimama akatucheka. Ila umenishika pabaya.

Mzee_wa_Busia

Nawasoma nacheka. Hii boda mnayoitaja ilianza kwa baiskeli huku kwetu mpakani, watu wanavushwa upande wa pili na mizigo yao, boda kwa boda. Halafu piki zikaja zikafukuza baiskeli, sasa umeme unairudisha na mnagombana nayo.

Sisi wakati tunabeba abiria kanuni ilikuwa moja, anayetoka nyuma ndo mwenye macho. Unapiga kengele ukiwa bado mbali, unaita "kulia mzee!", unangoja aonyeshe amesikia, ndo unapita. Ukimgonga wa mbele kosa lako hata kama aliyumba, juu yeye hana macho kisogoni. Nyie kengele mlizitoa mkasema za kishamba.

Delivari_Usiku

Mzee hio ya kungoja aonyeshe amesikia, nusu ya watu wana spika masikioni.

Mzee_wa_Busia

Basi punguza mwendo upite kama unampita ng'ombe.

Pedali_Nakulabye

Haha sawa mimi ndo ng'ombe. Nimesoma yote. Fundi nimekuelewa, nilikuwa nataka waondolewe wote lakini nikifikiria huyo Delivari kwenye lami na mzigo mgongoni naona nitakuwa namtuma akafe. Ila hao waliochomoa waya sitaki kuwaona. Na mimi nimenunua kioo cha pembeni, elfu kumi, kinatikisika kama jani lakini naona kinachokuja.

Halafu yule kijana tumekutana jana pale pale. Kapiga mluzi toka mbali, bado hana kengele, nikasogea kushoto akapita akanipungia kiwiko chenye bandeji.

Fundi_Ndeeba

Mwambie apite kwangu, kengele nampa bure. Waya wake nitaukagua akiwa anakunywa chai.