Baba mkwe anauliza: kama walifika mwezini, mbona waliacha? Naomba ushauri

MwalimuWaTanga

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo nimeshindwa kulijibu kwa namna inayolingana na heshima ya anayeuliza. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Klabu yetu ya sayansi imeamua kukusanya kumbukumbu na maoni ya watu wa mtaani kuhusu kukoma kwa safari za binadamu angani, hasa safari za Marekani za Apollo za kwenda mwezini, zilizomalizika Desemba 1972, na zile za Space Shuttle, vyombo vyenye mabawa vilivyoruka na kurudi duniani mara nyingi, ambazo chombo chake cha mwisho, Atlantis, kilitua Florida tarehe 21 Julai 2011. Wanafunzi watarekodi watu kwa simu, kisha siku ya wazazi tutazisikiliza rekodi hizo pamoja na kuzijadili.

Mtu wa kwanza tuliyetaka kumrekodi ni baba mkwe wangu, ambaye ni mstaafu wa bandari. Anakumbuka vizuri Julai 1969, vijana wa mtaa wao walivyojazana kwenye redio ya jirani kusikiliza habari za Apollo 11. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati ule, wala haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, kwa hiyo alichokuwa nacho ni sauti ya mtangazaji peke yake. Sasa kila tunapokaa barazani baada ya alasiri huniuliza: "Mwanangu, nahodha aliyekwisha kuijua njia ya Pemba, anakaaje miaka hamsini bila kwenda tena?" Waliopo hucheka na kumuunga mkono, na baadhi ya wanafunzi wangu wameanza kusema kwamba kuacha kwenyewe ndiko ushahidi kuwa hawakufika.

Sitaki kubishana na baba mkwe mbele ya watu, na sitaki pia kunyamaza wakati vijana wanajifunza kitu kisichokuwa kweli. Nimjibu vipi? Na je, maoni kama yake yaingie katika mkusanyiko wetu, au tubaki na kumbukumbu tu?

MsomaMagazeti

Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuthibitisha kuwa walifika. Mzee hakukuuliza hilo. Amekuuliza kwa nini waliacha, na swali hilo lina majibu yaliyoandikwa kwa tarehe, tena mengi yake ni ya kabla ya safari yenyewe ya mwisho.

Mwaka 1966 bajeti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali kuu ya Marekani. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 1. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Vietnam, kulikuwa na miji iliyochomwa moto katika ghasia za ubaguzi wa rangi, na lengo alilolitangaza Rais Kennedy mwaka 1961, la kumfikisha mtu mwezini na kumrudisha salama kabla ya muongo kwisha, lilikuwa limekwisha kutimia. Januari 1970, miezi sita tu baada ya Armstrong na Aldrin kukanyaga mwezi, Apollo 20 ilifutwa. Septemba mwaka huohuo zikafutwa safari nyingine mbili. Eugene Cernan na Harrison Schmitt walipotua katika bonde la Taurus-Littrow Desemba 1972, walijua, na dunia nzima ilijua, kwamba hakuna anayewafuata.

Waonyeshe vijana wako picha ya Saturn V, roketi ya aina iliyowapeleka mwezini, iliyolazwa Houston. Ina urefu wa takriban mita 110, na sehemu zake zote tatu zilitengenezwa ili ziruke. Hazikuruka kwa sababu safari zilifutwa. Mtu anayetunga uongo hana haja ya kugharimia roketi nzima ya ziada kisha akailaza uwanjani wageni waitazame.

Kwa mfano wa mzee mwenyewe, nahodha anaijua njia, lakini jahazi ni la tajiri, na tajiri amesema hatoi tena fedha ya safari.

BintiWaTunguu

Asalaam aleikum mwalimu, na shikamoo nyingi umfikishie mzee. Nashangaa kwamba uzi huu umefika hapa bila mtu kuitaja Zanzibar, maana sisi tulikuwa na programu ya namna hii mlangoni kwetu, tukaiona ikianza na tukaiona ikiondoka.

Kabla ya Apollo kulikuwa na Mercury, programu ya kwanza ya Marekani ya kupeleka watu angani. Chombo kilipokuwa kinaizunguka dunia kilihitaji vituo vya kukifuatilia na kuzungumza na mwanaanga, na katika Afrika vituo hivyo vilikuwa viwili, kimoja Kano, Nigeria, na kingine Unguja, eneo la Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwamo katika mtandao uliomsikiliza. Safari ya mwisho ya Mercury ilikuwa ya Gordon Cooper Mei 1963, naye aliizunguka dunia mara 22. Wapo waliotaka iongezwe safari moja zaidi, akiwamo mwanaanga Alan Shepard, lakini NASA ikafunga hesabu ili nguvu zote ziende kwenye Gemini, programu iliyofuata, na Apollo. Kwa hiyo hata kuacha si jambo lililoanza mwezini.

Maoni ya watu wa hapa hayakuwa ya aina moja tangu mwanzo. Kilipojengwa kituo kile kulikuwa na upinzani mkubwa wa kisiasa, na watu wengi waliamini kuwa ni kambi ya makombora ambayo ingetuingiza katika vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani waliokuwa wakikiendesha waliondoka, na Aprili mwaka huo serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe. Kazi ikahamishiwa Madagaska. Nyumbani kwetu nimekua nikisikia kauli mbili juu ya jambo hilo, na zote zinasemwa na watu waliokuwapo. Babu yangu mkubwa alikuwa akisema ilikuwa siku ya kujivunia, kwa sababu mgeni aliambiwa aondoke akaondoka. Mdogo wake alisikitika kwa sababu vijana waliokuwa na ajira pale walirudi mashambani, na kwa sababu alipenda kuziangalia zile antena. Hakuna kati yao niliyewahi kumwona akimkosoa mwenziwe.

Kwa hiyo katika swali lako la pili jibu langu ni ndiyo, maoni yaingie, lakini wafundishe wanafunzi wayatenge na kumbukumbu. Kwanza wamuulize mzee alikuwa wapi, alisikia kwa nani, redio ilikuwa ya nani, watu walisema nini siku ile. Hayo yakishatulia ndipo waulize anaonaje leo. Mkianza na maoni, mzee atatetea maoni yake hadi magharibi, na ile redio ya jirani, ambayo hakuna kitabu kitakachokupeni, mtaikosa.

MkaaziWaLA

Ndugu mwalimu, naandika kutoka Los Angeles, ambako nimeishi kwa muda mrefu. Naomba nichangie upande wa Space Shuttle, kwa sababu mwisho wa programu ile ulipita barabarani kwetu kwa maana halisi ya neno hilo.

Safari zilipokwisha, vyombo vilivyobaki viligawiwa majumba ya makumbusho: Discovery karibu na Washington, Atlantis ikabaki Florida, na Endeavour ikaletwa hapa. Oktoba 2012 waliitoa uwanja wa ndege wakaipitisha mitaani, kupitia Inglewood na Crenshaw, kiasi cha kilomita 19, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mabawa yake yana upana wa takriban mita 24, na barabara zetu zina miti, nguzo na taa. Miti ipatayo 400 ilikatwa. Mitaa ile ni ya watu weusi kwa sehemu kubwa, na wakazi walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba kivuli chao kinaondolewa kwa ajili ya kitu ambacho wengi wao hakikuwahi kuwafaidia. Waliahidiwa miti mingi zaidi ya iliyokatwa.

Kisha siku yenyewe ikafika, na watu walewale wakajaa barabarani. Nilisimama katikati ya akina mama waliobeba watoto migongoni na wazee waliotoka na viti vyao vya nyumbani. Bawa lilipokaribia ukuta wa nyumba moja ya ghorofa, msafara ulisimama, mafundi wakapima kwa macho na kwa vifaa, wakasogeza kidogo, wakasimama tena, na umati ukanyamaza mpaka bawa likapita. Hapo vikapigwa vigelegele. Baadaye nilikwenda kuiona ndani ya makumbusho, wakati bado unaweza kupita chini ya tumbo lake. Pale ndipo nilipoviona vigae vya kuzuia joto kwa karibu, maelfu na maelfu, vimechakaa kwa moto wa kurudi duniani, na kila kimoja kimepigwa namba yake kwa sababu kina umbo lake na mahali pake. Kazi ya kuvikagua na kuvibadilisha ilifanywa kwa mikono baada ya kila safari. Programu ilipofungwa, maelfu ya watu wenye ujuzi huo pale Florida walipoteza ajira, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Ujuzi wa mikono hauwekwi makumbusho.

Wanafunzi wako wasichague kati ya malalamiko ya miti na vigelegele. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Mpenda_Hesabu

Mwalimu, mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba walifanya vizuri kuacha, na ninaomba sauti ya namna yangu isichanganywe na ya wale wasioamini, kwa sababu ni vitu viwili tofauti.

Watu husimulia leo kana kwamba Marekani yote ilikuwa nyuma ya Apollo. Kura za maoni za miaka ya 1960 zilionyesha mara nyingi kwamba walio wengi hawakuiona kuwa inastahili gharama yake, isipokuwa karibu na kutua kwenyewe mwaka 1969. Siku moja kabla ya Apollo 11 kurushwa, Mchungaji Ralph Abernathy, kiongozi wa harakati za haki za raia, aliongoza familia maskini, pamoja na mikokoteni ya nyumbu, hadi Cape Kennedy, kuuliza kwa nini kuna fedha za mwezi na hakuna za chakula. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka akazungumza naye palepale. Abernathy alijua roketi ni ya kweli. Alikuwa anauliza juu ya haki.

Kuhusu Space Shuttle, safari 135 ziliua watu 14. Challenger iliteketea Januari 1986, sekunde 73 baada ya kurushwa, na Columbia ikasambaratika ikirudi, Februari 2003, kwa sababu kipande cha povu la kuhami joto kilikuwa kimelitoboa bawa wakati wa kupaa. Januari mwaka uliofuata Rais Bush alitangaza kwamba vyombo hivyo vitastaafishwa kituo cha kimataifa cha anga za juu kitakapokamilika. Miaka saba ya taarifa. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningeusema hivyo hata mbele ya wajane wa waliokufa.

MwalimuWaTanga

Nawashukuru sana, na hasa dada wa Tunguu, kwa sababu nimekaa karibu na Unguja miaka yote hii na sikuwa na habari ya kituo kile. Swali moja limebaki. Wanafunzi wameniuliza: baada ya 2011 Wamarekani walikaa bila chombo chao cha kubeba watu, je, wao wenyewe hawakuona aibu?

MsomaMagazeti

Waliona, na walisema waziwazi. Mwaka 2010, serikali ya Obama ilipotaka kuifuta programu ya Constellation iliyokuwa ichukue nafasi ya Space Shuttle, Armstrong, Cernan na James Lovell waliandika barua ya wazi ya kupinga, wakati Buzz Aldrin aliunga mkono mpango wa rais. Watu waliofika mwezini wenyewe hawakuafikiana, na hilo ni jambo zuri kuwaeleza vijana. Kwa karibu miaka tisa wanaanga wa Marekani walisafiri kwa vyombo vya Soyuz vya Urusi kutoka Baikonur, kwa malipo. Wafanyakazi wa Atlantis waliacha bendera ndogo kwenye kituo cha kimataifa, ichukuliwe na wa kwanza watakaofika kwa chombo kitakachorushwa tena kutoka Marekani. Chombo hicho kilirushwa Mei 2020, na aliyekiongoza ni Doug Hurley, yuleyule aliyekuwa rubani wa Atlantis katika safari ya mwisho. Bendera akarudi nayo.

BintiWaTunguu

Mwalimu, nina jamaa aliye hai aliyewahi kufanya kazi za kibarua pale kituoni akiwa kijana. Ana umri mkubwa, lakini asubuhi huwa ana nguvu na anapenda kuzungumza. Nikutumie namba ya mwanawe kwa ujumbe wa faragha, ili wanafunzi wako wampigie?

MwalimuWaTanga

Tafadhali nitumie, dada yangu. Jumamosi tutaanza na baba mkwe, na nitamwachia mwanafunzi amuulize habari za redio kwanza, mimi nikae pembeni. Nikipata ridhaa ya jamaa yako, nitamwomba baba mkwe awepo tunapompigia, ili swali la kwa nini waliacha amuulize yeye mwenyewe mzee mwenzake.