Sandinista! ya mjomba: The Clash walipotea njia au mzee ndiye aliyeachwa gatini?

MpwaWaBaharia (Tanga)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nikisema panki simaanishi ule mtindo wa nywele. Nasema muziki, roki ya kasi na kelele, na nawasema The Clash wa London.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Katutoka mwaka jana, Mungu amrehemu. Kwenye kugawana vitu wenzangu waligombania friji na baiskeli, mimi nikaachiwa sanduku la santuri kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mashine ya kuzipigia. Juu kuna Franco, kuna Salum Abdallah, na chini kabisa kuna Clash nne: ile ya kwanza ya 1977, London Calling, Sandinista! na Combat Rock.

Mzee alikufa na msimamo wake. Clash ni ile ya kwanza, nyingine zote ni "watu walioshiba". Ile ya kwanza ameipiga mpaka sindano inaruka mara tatu ndani ya White Riot, na wimbo wenyewe haufiki hata dakika mbili. Sandinista! alikuwa akiitaja kwa kejeli tu: "Santuri tatu! Nyimbo 36! Hata harusi haina nyimbo 36." Aliapa kwamba aliipiga mara moja akairudisha sandukuni.

Basi Jumapili nimekaa nazo mchana kutwa. (Sandinista! nimeisikilizia kwenye simu. Jalada lake limegandamana kwa unyevu, nikivuta linaanza kuchanika, nikaliacha.) Ile ya 1977 ni magitaa mawili yanakereza kama msumeno wa kiwanda cha mbao. Miaka mitatu baadaye watu walewale wanapiga rege, dabu (rege ya mwangwi na besi nzito), rapu, kuna kitu kama kwaya ya kanisani, na karibu na mwisho watoto wadogo wanaimba upya wimbo wa albamu ya kwanza kwa sauti za chekechea. Nilisimama nikaangalia simu kama imeruka kwenda kwa msanii mwingine.

Hoja yangu ni moja. Kwenye hiyohiyo albamu "safi" ya mjomba, katikati ya nyimbo za dakika mbili mbili, kuna Police & Thieves ya Mjamaika Junior Murvin, na wameivuta hadi dakika sita. Rege ilikuwa imeshaingia ndani na kuvua viatu tangu siku ya kwanza. Nikimwambia hivyo mjomba alikuwa anaulizia chai.

Wajuzi mnasemaje? Walipotea, au walikuwa wanakwenda hukohuko tangu mwanzo?

---

Msumari77 (Dodoma)

Mjomba wako alikuwa mpole. Mimi siwapi hata ile ya kwanza.

Januari 1977, kabla hawajatoa hata wimbo mmoja, walitia saini na kampuni kubwa ya santuri, CBS, kwa pauni 100,000. Mark Perry wa kijarida cha Sniffin' Glue alisema panki ilikufa siku hiyo, na sijaona mtu aliyemjibu vizuri. Wenzao wa panki, Sex Pistols, walitoa albamu moja, wakasambaratika Januari 1978. Hiyo ndiyo adabu ya panki. Hawa jamaa walikaa mpaka wakapiga viwanja vya mpira Marekani wakiwafungulia The Who, vigogo wa roki.

Na wimbo wao pekee uliowahi kushika namba moja Uingereza unaujua? Should I Stay or Should I Go, mwaka 1991, bendi ilishakufa miaka mitano, na kilichoupandisha ni tangazo la jinzi za Levi's. Panki ya kuuzia suruali. Nimemaliza.

---

MzeeWaDramu (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Nimepiga dramu kwenye bendi za hoteli miaka ishirini na saba, kwa hiyo mtanisamehe, mimi nasikiliza kuanzia nyuma ya jukwaa. Nyote wawili mnabishana kuhusu magitaa. Hamjamtaja mtu mmoja.

Geuza jalada la albamu ya kwanza usome jina la mpiga dramu. Limeandikwa "Tory Crimes". Ni utani wao, maana yake "uhalifu wa Tory", kile chama cha wahafidhina cha Uingereza; jina lake halisi Terry Chimes. Kijana mzuri, anapiga moja kwa moja kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa. Aliondoka. Mwaka huohuo wa 1977 akaingia Topper Headon, na huyu alikuwa na jazi na soul mkononi. Sasa kaa na London Calling usikilize dramu peke yake, sahau maneno. Wimbo mmoja ska, mwingine rokabili, mwingine jazi ya kuvuta miguu, mwingine karibu na disko. Joe Strummer na Mick Jones, waimbaji na wapiga magitaa wao, wangeweza kuota hayo yote, lakini kwa Chimes yangebaki ndoto. Mtu wa nyuma asipokuwa nayo, wa mbele hana pa kwenda.

Kuna kisa cha Brand New Cadillac ninachokipenda. Walipomaliza kurekodi, Topper akalalamika kwamba kasi imepanda katikati, warudie. Prodyuza wao Guy Stevens akamwambia rock'n'roll zote hupanda kasi, ikaachwa vilevile. Mimi ningepigwa faini na kiongozi wa bendi.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hili halitupi taabu. Waulizeni mashabiki wa Msondo na Sikinde. Mpigaji akihama, mtindo unahama naye, na shabiki anabaki kusema bendi imebadilika wakati aliyebadilika ni mtu mmoja kwenye kiti.

Tena uthibitisho uko mwishoni. Rock the Casbah ni mali ya Topper: piano, besi na dramu kapiga yeye peke yake, akiwa wa kwanza kufika studio. Ikatoka kwenye Combat Rock, Mei 1982, ikafika namba nane Marekani. Mwezi huohuo walimfukuza kwa sababu ya heroini. Ukiangalia video yake, aliyekaa kwenye dramu ni Chimes, wamemrudisha. Mtu kapika biriani, kala mwingine mbele ya kamera. 1983 wakamfukuza na Mick Jones, mpiga solo. Albamu ya 1985, Cut the Crap, sehemu kubwa ya dramu inapigwa na mashine. Mashine! Hapo ndipo mimi nasema walipotea. Hiyo rege haikuwapoteza.

Na hilo jalada usilivute. Chemsha birika, lipitishe juu ya mvuke ukiwa umelishika mbali kidogo, kisha wembe mpya uuingize taratibu kutoka pembeni. Nimeokoa Mbaraka Mwinshehe wawili kwa njia hiyo.

---

MpwaWaBaharia

Mzee wangu, asante sana. Nimegeuza jalada, ni kweli, "Tory Crimes". Miaka yote nilidhani ni jina la mtu.

Msumari, hiyo ya jinzi nakupa. Ila bendi iliyokufa inajiteteaje?

---

BintiPangani (London)

Kaka Mpwa, pole. Naendesha basi huku magharibi ya London, na hii mada imenikuta mapumzikoni na chai ya maji ya moto tu, maziwa yameisha.

Nianze na Msumari. Hizo pauni 100,000 unazihesabu zilipoingia, hebu zihesabu na zilivyotoka. London Calling ni santuri mbili, waliibana kampuni ikauzwa kwa bei ya moja. Sandinista! ni santuri tatu, ikauzwa pauni 5.99, na ili kampuni ikubali, bendi iliachia mirabaha yake ya nakala 200,000 za mwanzo hapa Uingereza. Watu walioshiba gani hao?

Halafu kuhusu rege. Msidhani waliiokota studio kama viungo vya supu. Paul Simonon, mpiga besi, alikulia Brixton katikati ya Wajamaika. Agosti 1976 yeye na Strummer walikuwepo kwenye kanivali ya Notting Hill vijana weusi walipopambana na polisi, na ndipo ilipotoka White Riot anayoipenda mjomba. Kwa hiyo huo wimbo wa msumeno wa mbao umezaliwa kwenye sherehe ya watu wa Karibi! Mjomba alikuwa anasikiliza rege bila kujua.

Mimi wimbo wangu ni (White Man) in Hammersmith Palais, wa 1978. Strummer anasimulia alivyokwenda kukesha kwenye shoo ya rege, Mzungu katikati ya weusi, akitarajia moto wa mapinduzi, akakuta burudani ya kawaida. Anajicheka mwenyewe, halafu anawageukia wenzake wa panki anawasema pia. Hapo ni panki na rege ndani ya dakika nne, hujui kimoja kinaishia wapi. Ukumbi wenyewe umebomolewa. Nikipita na basi naona makazi ya wanafunzi.

Ila tusiwasingizie wasanii tu, mashabiki nao! 1981 walipiga shoo 17 pale Bond's, Times Square, New York. Wakamleta DJ wa rapu Grandmaster Flash na wenzake wafungue, kwa sababu walikuwa wameipenda rapu mapema kabla Wazungu wengi hawajajua ni nini. Mashabiki wa Clash waliwazomea na kuwarushia vikombe. Waliotaka White Riot hao. Akina mjomba, tena wengine wako Dodoma.

---

Msumari77

Nimeiona hiyo Dada. Vikombe sirushi, nina viwili tu.

Mirabaha nakubali ni jambo la heshima. Lakini heshima haifanyi upande wa sita wa Sandinista! usikilizike. Wale watoto, hapana. Toa santuri ya tatu utupe, tutaanza kuelewana.

---

MzeeWaDramu

Hapo namuunga mkono Msumari, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ila mwanangu ukishafungua, piga na Combat Rock, wimbo wa Straight to Hell. Mdundo wake ni wa bosanova, na Strummer alikuwa amechutama mbele ya dramu kubwa akiigonga kwa chupa ya limonadi iliyofungwa taulo. Wapwa zako wataudaka mara moja, mwimbaji M.I.A. aliuchukua mdundo huo kwa wimbo wake Paper Planes.

---

MpwaWaBaharia

Wakuu, mrejesho.

Jana usiku nimechemsha birika, nimenunua wembe wa Topaz, mke wangu anauliza kama ni dawa. Mvuke kama dakika kumi, karatasi ikaachia yenyewe, isipokuwa pembe moja ya chini imebaki na kovu. Jalada limefunguka.

Santuri ya tatu inang'aa kama kioo. Msumari, mjomba alikuwa wako kabisa, nadhani haijawahi kuguswa na sindano.

Santuri ya kwanza, jamani. Imepauka. Nimeiweka karibu na taa, upande wenye The Magnificent Seven umekuwa wa kijivu kama chetezo cha ubani, umechakaa kuliko White Riot. Ya pili nayo hivyohivyo. Ndani kuna karatasi ya mashairi ya nyimbo, na pembeni ya kila wimbo anaoupenda kaweka vema kwa penseli. Nimehesabu vema kumi na nne. Washington Bullets, ule unaoisema Marekani kuhusu Chile na Kuba kisha unageuka kuwasema Warusi na Wachina, una vema mbili na mstari chini.

Mara moja, aliapa. Nimempigia shangazi simu kumuuliza. Kacheka mpaka akakohoa, akaniambia alikuwa anaipiga usiku, sauti chini, sisi tukishalala.