GURUDUMU! Nimetozwa euro 69.99 kwa ajili ya GURUDUMU! Hili shirika la ndege la bei chee limenidhalilisha leo Berlin

Binti Rufiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo salamu sina. Niko uwanja wa Bergamo, nimekaa kwenye benchi la chuma, mikono inatetemeka na si kwa baridi. Ni hasira. Naandika kabla haijapoa.

Shirika silitaji. Mnalijua. Yeyote aliyenunua tiketi ya euro 17.99 akafika getini akatoka amekamuliwa hadi sarafu ya mwisho, analijua.

Nimeamka saa nane usiku. Berlin nje ni hasi 9, theluji ya juzi imeganda imekuwa kioo, unatembea kwa kuvizia mpaka kituoni. Ndege saa 12 na dakika 20 asubuhi. Mdogo wangu kajifungua huku Bergamo, mtoto wa kwanza. Mama yuko Utete, viza hana, kwa hiyo mama leo ni mimi. Ndani ya begi kuna unga wa ulezi kilo 2, iliki, pilipili manga, kanga doti 2 za kumfunga tumbo na nguo za mtoto. Basi! Nguo zangu mimi nimezivaa zote mwilini: sweta 2, suruali 2, koti, na mifuko ya koti imejaa chaja, soksi na kichupa cha mafuta ya nazi. Begi nimelipima usiku kwa futi ya cherehani mara 3. Sentimita 40 kwa 30 kwa 20, kipimo chao. Mara tatu!

Kwanza foleni ya muhuri. Wenye pasi za Ulaya wanapita na simu zao, sisi wenye pasi ya Tanzania lazima twende dirishani tukaguliwe, karatasi igongwe. Dakika 40. Sikusema kitu. Nimezoea.

Sasa getini. Mbele yangu jamaa ana mkoba mgongoni kama gunia la mkaa la Chalinze. Umevimba huku na huku, kamba zinaning'inia, sufuria inagonga. Kapita. Katabasamiwa na kutabasamiwa. Mimi nanyooshewa kidole: wewe, weka begi hapa.

Kile kisanduku cha chuma cha kupimia mabegi. Begi likaingia. Mpini ukaingia, zipu ikaingia, unga wa ulezi ukaingia. Kilichobaki nje ni gurudumu. Moja, la kushoto, upana wa kidole. Yule dada mwenye sare akalishika kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya aliyeoza, akageukia foleni nzima, akasema kwa sauti ya mnadani:

"Gurudumu hili haliruki bure."

Watu wakacheka. Watu 180 wakacheka. Haliruki bure! Kwani mimi nililiambia liruke?

Nikamwambia dada, ngoja nilisukume. Nikalisukuma, LIKAINGIA. Lote. Akasema umelazimisha, likilazimishwa halihesabiki. Mashine ya kadi ikaletwa mbele ya pua yangu. Euro 69.99. Hizo ni karibu tiketi 4 kama ile niliyonunua mimi. Yaani gurudumu limelipa nauli kunishinda mimi mwenye roho.

Nimeingia ndani, begi limepelekwa tumboni mwa ndege. Tumekaa na milango imefungwa saa 2 na dakika 40 tukisubiri zamu ya ndege yetu kumwagiwa dawa ya kuondoa barafu. Maji kikopo euro 3.50. Na hapa ndipo moyo uliposimama: kabati la juu ya kichwa changu lilikuwa na koti. Koti moja la mtu. KABATI ZIMA LINA KOTI MOJA, na gurudumu langu limefukuzwa kama mchawi!

Nimetua. Nimesubiri mkanda wa mizigo. Begi limetoka likichechemea. Gurudumu la kushoto HALIPO. Lile lile. Lile la vidole viwili. Limelipiwa euro 69.99 na halikufika. Ndiyo niko kwenye benchi naliangalia hili begi, na sauti ya yule dada haitoki masikioni. Haliruki bure. Haliruki bure!

Mzee wa Kijiweni

Nimekaa siti ya mbele. Kahawa na kashata tayari. Wachangiaji karibuni.

Mbeba Boksi Leeds

Pole dada, lakini umejitakia. Lebo ya dukani inapima mfuko, haipimi magurudumu wala mpini. Sisi tuliofunzwa na maisha tulishaacha mabegi ya magurudumu tangu enzi. Chukua begi la mgongoni la kitambaa, likikataa unalikalia, linanyooka. Huyo jamaa wa gunia la mkaa alijua anachofanya, kitambaa kinabonyea. Wewe umekwenda na plastiki ngumu halafu unalia.

Nyota ya Eldoret

Wueh! Pole sana dadangu. Hiyo kampuni iko na madharau, mimi walinifanyia uwanja wa Stansted, London, mwaka jana Desemba. Nilikuwa nimenunua zawadi hapo hapo ndani, mfuko wa duka mkononi, wakasema huo ni mzigo wa pili. Nikavaa skafu 3 shingoni na chokoleti nikaziweka kwa kofia. Lakini hiyo maneno ya "haliruki bure" imeniuma kama ni mimi niliambiwa. Mbele ya watu wote hivyo? Ungeitisha jina lake.

Binti Rufiji

@Nyota ya Eldoret asante mama. Wewe umenielewa. Jina lilikuwa kwenye kibeji, ila macho yalikuwa yamejaa machozi sikulisoma.

@Mbeba Boksi Leeds NIMESEMA LILIINGIA. Soma uzi. Lilisukumwa likaingia!

Chai ya Rangi

Chai hii. Gurudumu la kushoto lililolipiwa ndilo hilo hilo limepotea? Weka picha tuone.

Binti Rufiji

@Chai ya Rangi picha hiyo hapo chini. Hesabu magurudumu. Ukipata 4 nakurudishia nauli yako ya kuja kunitukana.

Chai ya Rangi

Nimehesabu. 3. Nimenyamaza, samahani bibie. Ila kanga iliyochungulia pale kwenye zipu ni nzuri, jina lake linasemaje?

Fundi wa Barafu, Helsinki

Kuhusu zile saa 2 na dakika 40 msiwalaumu. Mimi ndiyo kazi yangu, namwagia ndege dawa kila baridi. Kuna ya rangi ya chungwa, inamwagwa ya moto, inayeyusha theluji na barafu iliyoshika bawa. Halafu kuna ya kijani, nzito kama uji, hiyo inazuia nyingine isishike wakati mnaelekea kurukia. Ya kijani ina dakika zake kulingana na baridi na aina ya theluji inayoanguka. Zikiisha kabla ndege haijaondoka, unarudi kwenye foleni unaanza upya. Ndiyo sababu mnamwagiwa mkiwa mmeshakaa ndani, haiwezi kufanywa mapema. Barafu kidogo tu juu ya bawa inaharibu upepo unaoibeba ndege. Washington, Januari 13, 1982, ndege iliondoka na barafu mabawani, ikagonga daraja na kuingia mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne wakiwa kwenye magari yao darajani. Kwa hiyo tukichelewa tuvumilieni, vidole vyetu vinakufa ganzi kule juu kwa ajili yenu.

Binti Rufiji

Kaka yangu Mungu akubariki na vidole vyako. Sijalalamikia barafu! Hata siku nzima ningekaa. Nalalamikia GURUDUMU.

Wakili wa Kijiwe

Dada, USITOKE UWANJANI. Nenda sasa hivi dirisha la mizigo iliyoharibika, uandikiwe ripoti, upewe namba. Begi walilichukua wao, wakalipakia wao, kwa hiyo ni dhamana yao. Watakwambia magurudumu hayamo kwenye masharti yao, usikubali, andika tu. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, huo ni Mkataba wa Montreal, wa kimataifa wa safari za ndege. Piga picha begi, risiti ya euro 69.99 na ile stika ya mzigo.

La pili, mlango wa ndege ulifunguliwa saa ngapi? Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inatoa euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa kufika saa 3 au zaidi, na mahakama ya Ulaya ilisema 2014 kwamba kufika ni pale mlango wa kwanza unapofunguliwa, si matairi yanapogusa ardhi. Ila kama sababu ni hali ya hewa fidia hupati. Maji na chakula vilikuwa haki yako baada ya saa 2 hata kama theluji imeziba dunia. Hiyo euro 3.50 idai.

La tatu, Novemba 2024 serikali ya Uhispania ilipiga faini mashirika 5 ya bei nafuu jumla ya euro milioni 179, na moja ya makosa ni kutoza mizigo ya mkononi. Hauko peke yako.

Binti Rufiji

Mlango ulifunguliwa tumechelewa saa 2 na dakika 52. DAKIKA NANE! Hata saa yao inanicheka. Nakwenda dirishani.

Mpemba wa Malmö

Wewe angalau umeshushwa Bergamo, mji upo pale pale unauona. Sisi tunauziwa "Stockholm" halafu tunashushwa Skavsta, kilomita 100 kutoka Stockholm, saa tano usiku, theluji mpaka magotini, na basi la mwisho linaondoka huku unaliona taa za nyuma. Nimelala kwenye sakafu ya kituo nimejifunika msala. Hiyo ndiyo dhuluma. Gurudumu ni nini?

Tumbo la Paris

Na Beauvais je? Kilomita 80 na ushee wanaiita Paris. Ni sawa na kukuuzia tiketi ya Dar ukashushwa Chalinze kwenye mishikaki, uambiwe karibu mjini.

Mkwezi

Mbona Frankfurt Hahn hamuitaji? Kilomita 120! Nilidhani nimerudi kijijini.

Mzee wa Kijiweni

Nyie wa majuu mnadeka. Mimi juzi natoka Tanga kwenda Dodoma na basi, nazi 40 ndani ya kiroba. Konda kaniambia kila nazi ni abiria. Nikamwambia kijana, nazi ina siti? Akasema kama haina siti kwa nini unaisafirisha. Nikalipa. Kufika, nazi 31. Tisa zimeliwa njiani na kifuu kimoja nikakiona kiko mbele kwa dereva, kakifanya cha kunywea maji. Nani anafungua uzi kwa ajili yangu?

Nyota ya Eldoret

😂😂 Shikamoo mzee. Konda ni konda, hata akivaa tai.

Binti Rufiji

Shikamoo mzee wangu. Pole na nazi zako. Lakini hukuambiwa mbele ya watu 180 kwamba nazi hairuki bure.

Mzee wa Kijiweni

Marahaba mwanangu. Niliambiwa mbele ya watu 60 na kuku wawili. Aibu ni ile ile.

Mbeba Boksi Leeds

Kuna jamaa uwanja wa Mallorca aliyang'oa magurudumu yote getini kwa mikono, video ilizunguka dunia nzima. Begi likapita, abiria wakampigia makofi. Dada ungefanya hivyo ungekuwa shujaa leo, na gurudumu ungebaki nalo mfukoni.

Binti Rufiji

Mbeba Boksi wewe umetumwa. Umetumwa na yule dada wa geti.

Mama Uji, Milano

Mwanangu Binti Rufiji, hongereni kwa mtoto. Wa kike au wa kiume? Huo ulezi umeutoa wapi Berlin? Huku Milano nazunguka maduka ya Wahindi napata wa kwao, hauna ladha. Mzazi anahitaji uji wa ulezi mwepesi, pilipili manga kwa mbali, usimtilie sukari nyingi.

Mpemba wa Malmö

Sukari! Uji wa mzazi ni wa mchele na pilipili manga, ulezi ni wa watoto.

Tumbo la Paris

Haya tumeanza. Kwetu Kigoma mzazi anapewa mchuzi wa samaki siku ya kwanza, wa moto, na ugali. Uji ni wa mgonjwa.

Mama Uji, Milano

Kigoma mmezidi. Mzazi mbichi na ugali?

Binti Rufiji

Wa kike, mama, ahsante. Dirishani wameniandikia ripoti, ila yule kaka kaniuliza "gurudumu la thamani gani?" Nikamwambia euro 69.99, risiti hii hapa, mmelipanga bei wenyewe. Kanyamaza. Wakili wa Kijiwe hapo nadai ngapi? Mko wapi? Uzi huu ni wa GURUDUMU jamani!

Mkwezi

Hayo mafuta ya nazi kwenye koti hayakuganda? Yangu chini ya nyuzi 24 ni jiwe.

Mama Uji, Milano

Weka kichupa ndani ya bakuli la maji moto, dakika 5. Usiweke kwenye mikrowevu, yanapoteza harufu. Na huo ulezi nani anauza kwa kilo, nataka 10.

Mpemba wa Malmö

Mimi nina anayeleta kutoka Dar, njoo faragha. Kilo euro 6, unafika kwa basi, hakuna anayepima.