Mjadala: Ruzuku ya mbolea kwanini isifike na kwenye samadi?

Wakuu habari za saa hizi. Naomba hili tulijadili bila matusi maana kila mvua zikikaribia linarudi na kila mtu anang'ang'ania upande wake.

Juzi kwenye kikundi chetu cha wakulima wa mboga huku Meru mwenzetu mmoja kasimama akasema samadi ni mbolea ya maskini, mwenye hela ananunua mfuko wa mbolea ya dukani, na serikali imefanya la maana kuweka ruzuku kwenye mfuko basi. Nilikataa pale pale ila muda ukaisha, ndio maana nimelileta hapa.

Tukumbuke tulikotoka. 2022 mbolea ya urea ilipanda mpaka mfuko wa kilo 50 ukapita laki na ishirini, wengine wakapanda mahindi bila kitu chochote shambani, ndio ikaja ruzuku ya msimu wa 2022/2023 mfuko ukashuka mpaka elfu 70. Nilijiandikisha na mimi nikachukua, nashukuru mpaka leo. Lakini kipindi hicho chote hapa kijijini mavi ya ng'ombe yalikuwa yamerundikwa nje ya mazizi, wazi, mvua inayapiga, ile rutuba yote inachuruzika kwenda mtoni, na wakati huohuo tunalia hatuna mbolea. Hilo ndilo linaloniuma.

Na sio kwamba hatukujua. Nimelelewa Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ng'ombe yuko bandani anakatiwa majani analetewa, asubuhi mama anazoa na karai anapeleka kwenye migomba na kahawa, na migomba ile ni ya tangu enzi za babu bado inazaa. Wahaya na vibanja vyao vya migomba ni hivyo hivyo. Wamatengo kule Mbinga wana ngoro, kilimo chao cha mashimo mlimani, majani wanayalaza kwa mistari inayokatizana halafu udongo wanaochimba katikati ndio unayafukia, linabaki shimo la kukinga maji, majani yanaozea ndani ya tuta na udongo hauporomoki mlimani. Sasa mtu aniambie huo ni umaskini au ni ufundi?

Ila niwe mkweli, samadi wengi tunaiharibu wenyewe halafu tunasema haifai. Mwaka niliohamia huku nilinunua mbolea ya kuku kwa mfugaji mmoja, imetoka bandani siku hiyohiyo na maranda yake, bado inachoma pua, nikaimwaga kwenye matuta mawili ya nyanya. Siku ya nne majani yameungua pembeni kama yamepitishiwa moto, ndani ya wiki mbili miche karibu yote imekufa, hasara tupu. Nikasema samadi sitaigusa tena. Mama mmoja jirani yangu ndiye alinionyesha kosa liko wapi, akanifundisha kupanga: majani makavu chini, samadi, majani mabichi, majivu kidogo, udongo kidogo, unamwagia maji unarudia mpaka ifike kiunoni, halafu unachomeka fito ndefu katikati na kufunika na majani ya migomba. Baada ya siku chache unachomoa ile fito unaishika, ikiwa ya moto na ina unyevu kazi inaendelea, ikitoka kavu na ukungu mweupe ongeza maji, ikitoka baridi imelowa inanuka geuza upesi. Ule moto ndio unaoua mbegu za magugu na vijidudu vya kuharisha, maana kumwagia samadi mbichi kwenye saladi au chainizi ambayo mtu anakwenda kuila bila kuivisha ni hatari. Baada ya miezi mitatu hivi unapata mboji, kitu cheusi, kinamumunyuka mkononi, kinanuka udongo wa mvua.

Kwa hiyo hoja yangu sio kwamba mfuko ufutwe. Nasema sehemu ya ile hela isaidie usafiri wa samadi na kulipa bwana shamba azunguke vijijini kufundisha hiyo kazi ya fito. Samadi yenyewe huku mfugaji anakupa karibu bure, kinachotuumiza ni kukodi kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, ya kuileta. Pale Nala Dodoma kuna kiwanda kinachanganya samadi na madini kinatoa mbolea ya FOMI, maana yake wenye mitaji wameshaona thamani yake, sisi wenye zizi nyuma ya nyumba bado tunaiona uchafu.

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu, mmoja mwenye eka 20 za mahindi amenipigia hesabu na nakubali hesabu yake iko sawa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ukiitaka hiyo kwa samadi kavu ya ng'ombe ya kawaida unahitaji zaidi ya tani 2, na bado msimu wa kwanza haitoi yote. Kwa eka 20 samadi peke yake haiwezekani, sibishi. Lakini kaka, urea inakupa naitrojeni tu, haishiki maji na haiupi udongo uhai, na ukiitia miaka na miaka bila kitu kingine udongo unazidi tindikali. Weka samadi iliyoiva kidogo kwenye kila shimo la mbegu, halafu urea ya kukuzia mahindi yakishaota, kwanini tuchague moja?

Na yule aliyesema mboji ni kazi ngumu mno kwa akina mama, hapo nakuelewa kabisa, mgongo wa mama yangu naujua. Ndio maana nimesema usafiri ulipiwe. Sasa wenye mahindi mengi na wenye bustani ndogo mniambie, kati ya usafiri na bwana shamba tungeanza na kipi?